Rinda la Heshima la Leo Lilikuwa Kashfa ya Jana

Jumapili Kibuye haina huruma. Ukifika saa nne asubuhi umechelewa. Kamera zote, yaani zile nguo kali za juu ya beli, zimeshabebwa na wenye kuuza mtandaoni, na wewe unabaki kuchimba rundo kama mtu aliyepoteza simu. Lakini kuna siku rundo linakupenda. Mwezi jana nilivuta mkono wa nguo kutoka chini kabisa, likatoka rinda zima: rangi ya maziwa, madoadoa ya buluu, kola ndogo ya duara, kiuno kimebana na sketi imefunguka kama mwavuli. Lebo ya ndani ilikuwa ya Uingereza, imefifia. Mama muuzaji akaliangalia, kisha akaniangalia mimi. "Nyathina, hii si ni ya dani?" Yaani ni ya nyanya yako. Nikamwambia ndiyo maana naitaka. Mia na hamsini, tukaachana kwa amani.

Jumanne nikalivaa mjini na raba nyeupe. Nilipofika steji, kondakta mmoja akapiga makofi. "Sasa huyu ndiye msichana! Mama zetu walikuwa wanavaa hivi. Siku hizo wanawake walikuwa na heshima."

Ningecheka tu niendelee na safari, lakini steji ni ileile. Wiki tatu kabla nilipita hapo na sketi fupi ya jinzi, na maneno niliyoambiwa siwezi kuyaandika hapa kwa sababu mamangu husoma ninachoandika. Mimi ni yuleyule. Miguu ni ileile. Kilichoongezeka ni kitambaa cha urefu wa mkono, na ghafla nina heshima.

Kwa hivyo leo nataka tuongee kuhusu hiyo "siku hizo". Napenda vinteji, kila mtu anajua. Lakini nimechoka na watu wanaodhani nikivaa rinda la mwaka 1960 nimekubali pia sheria za mwaka 1960. Tena hata hizo sheria hawazijui. Ukiifuata historia ya nguo za wanawake hapa ziwani, utakuta kila nguo tunayoiita ya heshima ilianza kama kashfa. Kila moja.

Kabla ya rinda

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya vitambaa vya dukani kuenea, mwanamke wa Kijaluo aliyeolewa alivaa chieno, mkia wa nyuzi zilizosokotwa, unaofungwa kiunoni na kuning'inia nyuma. Ukiangalia picha za zamani kwa macho ya leo unaweza kufikiri hawa watu walikuwa uchi. Hapana. Chieno ndiyo iliyokuwa nguo ya heshima. Ilitangaza kwamba huyu ni mke wa mtu, ana boma, muongeleshe vizuri. Mwanamke aliyeolewa kutembea bila chieno, hiyo ndiyo iliyokuwa aibu.

Kisha Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ikafika ziwani, mahali walipopaita Port Florence, ndiyo Kisumu yetu hii. Nyuma ya reli wakaja wafanyabiashara wa Kihindi na maduka yao, na ndani ya maduka kukawa na amerikani, kile kitambaa cheupe cha pamba ambacho kilikuwa kimezunguka Afrika Mashariki yote kabla ya kutufikia. Meli za ziwani zikakisambaza kwenye bandari ndogondogo za pwani. Wamishonari nao wakafika. Mwaka 1906 Waadventista walianza Gendia karibu na Kendu Bay, na mwaka huohuo Waanglikana wakaanza Maseno. Kwa wamishonari, nguo ilikuwa kama cheti cha ubatizo. Ukiokoka, unavaa.

Watu wakapewa jina jipya: jonanga, watu wa nguo. Nanga ni kitambaa. Halikuwa jina la sifa kwa kila mtu. Wanaume ndio waliotangulia kuvaa, kwa sababu wao ndio walioenda kutafuta kazi ya mshahara, wakarudi na suruali fupi na koti. Mwanamke aliyeacha chieno akajifunga kitambaa alikuwa anawaambia wazee kitu kizito: sasa nafuata wengine, si ninyi. Wazee wengi hawakufurahi hata kidogo.

Na kulikuwa na waliokataa wazi. Mwaka 1913, huko Alego, Onyango Dunde alisema amemezwa na nyoka mkubwa wa ziwani aitwaye Mumbo, kisha akatemwa na kupewa ujumbe. Sehemu ya ujumbe huo ilihusu mavazi: wafuasi wavae ngozi, waache nywele zikue, kwa maana Wazungu watatoweka. Hebu fikiria. Watu walianzisha dini na suala la nguo likawa ndani yake. Serikali ya kikoloni iliogopa dini hiyo, ikawakamata viongozi na kuwapeleka mbali. Kwa hivyo mtu akikuambia fasheni ni mambo ya wasichana wasio na kazi, mwambie aulize Mumbo.

Ona sasa tulipofika. Chieno, nguo ya heshima, ikaanza kuitwa ya kishenzi. Kitambaa, nguo ya waasi, kikawa ndicho cha heshima. Haikuchukua hata miaka 50.

Cherehani kwenye veranda

Baada ya kitambaa cha kujifunga likaja rinda la kushonwa. Shule za misheni ziliwafundisha wasichana kushona, na mwaka 1952 kikaanzishwa Maendeleo ya Wanawake, ambacho vilabu vyake viliwafundisha akina mama mapishi, kulea watoto na, ndiyo, kushona. Serikali ya kikoloni ilikitaka kwa sababu zake, wakati huo wa Hali ya Hatari. Lakini mwanamke akishajua kushona huwezi kumwambia ashone nini.

Upande wa magharibi, kutoka Uganda, likaja gomesi, lile rinda la mabega yaliyochongoka na mkanda mpana kiunoni, ambalo jina lake latokana na Gomes, fundi Mgoa wa Kampala. Ukienda Busia au Samia kwenye harusi leo bado utaliona. Watu wanaliita vazi la asili. Asili ya fundi kutoka Goa! Silikejeli, nalipenda sana. Ninachosema ni kwamba "asili" mara nyingi ni nguo mpya iliyokaa muda mrefu.

Na kutoka Ulaya likaja umbo ambalo sisi wa Pinterest tunaliita vinteji bila kufikiri: kiuno chembamba, sketi pana. Hilo lina tarehe. Februari 1947, Paris, Christian Dior alionyesha nguo zenye sketi zinazokula mita nyingi za kitambaa. Uingereza wakati huo nguo zilikuwa bado zinanunuliwa kwa kuponi za mgao wa vita, mgao ulioanza 1941 na kuisha 1949. Watu walikasirika. Waliona ni upotevu na majivuno. Kwa hivyo hata lile umbo ambalo kondakta wangu analiita la heshima lilizaliwa likitukanwa, tena huko kwao.

Kisumu lilifika kupitia picha za magazeti, wake za walimu, na mafundi wa veranda. Unajua ile mitaa ya katikati ya mji yenye majengo ya zamani na veranda ndefu? Fundi alikaa hapo na cherehani ya miguu. Ulinunua kitambaa ndani ya duka, ukatoka hatua tatu, ukapimwa. Hakuna saizi kumi wala kumi na mbili. Saizi ilikuwa wewe.

Sanduku la dana

Wikendi baada ya ile ya steji nilienda kwa dana, ng'ambo ya Kendu Bay. Dana ni nyanya yangu, mamake mama. Nikalivaa lile rinda la madoadoa nimshangaze. Akacheka mpaka akatoa miwani. Akasema, "Hili nilikuwa nalo. Lakini langu lilishonwa."

Akanituma chini ya kitanda nivute sanduku la bati. Ndani, chini ya mashuka na vyeti vya ubatizo vya watu wote wa familia, kulikuwa na rinda la kijani lililokunjwa ndani ya gazeti. Alilishonesha Kisumu mwaka 1967. Alikuwa na miaka 19, mwalimu mpya wa shule ya msingi, na hilo rinda lilitoka kwenye mshahara wake wa kwanza. Hakuna mwanamume aliyelilipia. Hiyo sehemu aliirudia mara mbili.

Nikalifungua. Kitambaa kizuri, kizito, mishono midogo kama ya mashine ya leo. Lakini chini, karibu na pindo, kuna mstari. Kijani cha juu kimefifia, kijani cha chini ya mstari bado kikali. Juu kidogo ya pindo la sasa kuna tundu ndogondogo za sindano, zimezunguka rinda lote.

"Nililishusha," akasema.

Lilikuwa linaishia juu ya magoti. Alilivaa Kisumu, alilivaa shuleni, alilivaa kanisani mara moja na mzee wa kanisa akaja nyumbani kuongea na babake. Mitaani walimwita majina. Yale majina, jamani, ni yaleyale ya steji yangu, ila kwa Kijaluo safi. Mwaka 1969 alipoolewa, mama mkwe akamwambia mke wa nyumba hii hawezi kupita mbele ya baba mkwe magoti yakionekana. Dana akachukua wembe, akafumua pindo, akalishusha kadiri kitambaa kilivyoruhusu. Usiku, kwa taa ya mafuta.

Nikamuuliza kama alilia. Akaniangalia kama mtoto mjinga. "Nilikuwa na kazi asubuhi."

Hii ndiyo "siku hizo wanawake walikuwa na heshima". Hiyo heshima ilikuwa wembe na taa ya mafuta.

Na hakuwa peke yake. Mwaka 1968 vijana wa chama cha TANU Tanzania walitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 sketi fupi, wigi na suruali za kubana zikapigwa marufuku. Uganda, Idi Amin akapiga marufuku sketi fupi kwa amri mwaka 1972. Sababu ilikuwa ileile: si utamaduni wetu, ni mambo ya Wazungu. Kana kwamba suti walizovaa wakitangaza zilifumwa na mababu.

Kisha ikaja miaka ya 70 na bugaluu na viatu vya raizoni, na wazee wakasahau sketi fupi wakaanza kulia na suruali. Kila kizazi kina nguo yake ya kulaumiwa.

Sisi pia. Tarehe 17 Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani na wanaume steji, na video kusambaa. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka watu wazima wakibishana sebuleni kuhusu alikuwa amevaa nini. Mwezi uliofuata sheria ikabadilishwa: kumvua mtu nguo kwa nguvu ili kumdhalilisha ni kosa, na kifungo chake si chini ya miaka 10. Sheria haiulizi urefu wa sketi. Steji bado inauliza.

Nguo za nani sasa?

Kuna jambo lingine lililonikosesha usingizi. Rinda la dana lilishonwa Kisumu. Langu la madoadoa lilivaliwa na bibi wa Uingereza, labda akafa, watoto wakasafisha kabati. Si bure wazee waliziita nguo hizi kafa Ulaya: mwenyewe amekufa huko, nguo imekuja.

Haikuwa hivyo kila wakati. Tulilima pamba pande hizi. Tulikuwa na Kicomi, kiwanda cha nguo cha hapahapa Kisumu. Miaka ya 90 soko lilipofunguliwa, mitumba ikaingia kwa wingi na bei ya chini, na viwanda ambavyo tayari vilikuwa vinayumba kwa madeni na usimamizi mbaya vikaanguka. Kicomi ikafungwa. Leo jina limebaki.

Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuacha kuagiza mitumba polepole. Marekani ikatishia kuziondolea nafuu ya soko. Kenya ikarudi nyuma, Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo za Rwanda zikanyimwa nafuu hiyo. Mwaka 2020, wakati wa korona, mitumba ilizuiwa Kenya kuanzia Machi hadi Agosti, na tukaona ni mama wangapi wa Kibuye wanalisha watoto kwa beli moja. Kwa hivyo sitawaambia mitumba ni dhambi. Navaa mitumba. Lakini tujue tunachovaa. Vinteji ya Kibuye ni ya dani wa mtu mwingine. Ya kwetu iko chini ya vitanda, na panya wanaila.

Basi uvae vipi?

Wengi mmeniuliza, kwa hivyo haya ndiyo ninayofanya.

Kwanza, kitu kimoja cha zamani kwa siku. Rinda la zamani na raba, au blauzi ya kola kubwa na jinzi, au kitambaa cha kichwa na koti la leo. Ukivaa vyote vya zamani pamoja unakaa kama uko kwenye mchezo wa kuigiza wa shule. Kama hiyo ndiyo raha yako, sawa pia.

Pili, fundi. Nguo za zamani hazikukatwa kwa mwili wako. Usilazimishe zipu. Wale mafundi wa veranda bado wapo, na kwa mia mbili au tatu anakubania kiuno au anakuachia mshono. Mwambie asikate kitambaa cha ndani. Hilo ni somo la dana: pindo refu lililokunjwa ndani ndilo linalompa mtu uhuru wa kubadilisha mawazo. Nguo mpya za bei rahisi hazina pindo, wameibana hadi uzi wa mwisho.

Tatu, ugeuze ndani kabla ya kununua. Angalia mishono, kwapa na zipu. Kitambaa kikitoa unga au kuchanika ukivuta kidogo, kirudishe hata kama picha itakuwa kali.

Nne, kabla ya kwenda Kibuye, nenda kwa dani wako. Usiende kuchukua, nenda kuuliza. Nani alishona? Pesa ilitoka wapi? Walisema nini ulipolivaa? Utapata picha, na ukiwa na bahati utapata rinda. Lakini hata ukitoka mikono mitupu utajua kwamba yule bibi mpole anayekuambia ufunike magoti aliwahi kuwa tatizo la mzee wa kanisa.

Na ukisifiwa steji kwa sababu umevaa "kama mama zetu", usimeze sifa haraka. Sifa hiyo ina mwenzake, na mwenzake anamngoja dada atakayepita baada yako na sketi fupi. Mimi sasa hujibu. Jumatano nilimwambia yule kondakta kwamba mama zetu walitukanwa kwa nguo hizihizi. Akasema, "Ai, wewe nawe." Abiria wawili wa nyuma walicheka. Sijui kama alielewa. Nilishuka Kondele nikaenda zangu.

Rinda la kijani dana alinipa. Sikuliomba, naapa. Nilimuuliza tu kama anaweza kukubali nilivae siku moja, akaanza kulikunja upya ndani ya gazeti lilelile na kunipa. Nikamuuliza pindo nilifanye vipi, niliache au nilipandishe. Nilitarajia hotuba.

"Tundu si bado ziko hapo?" akasema. "Mpe fundi azifuate."

Nimelipeleka. Fundi amesema Ijumaa.